Uliza Ujibiwe: Noti ya Mjapani kwenye sanduku la babu

Toleo lililopita tuligusia habari ya noti za vita, yaani pesa za karatasi ambazo majeshi yalichapa kwa ajili ya nchi yaliyoziteka, mistari minne tu kwenye kona ya ukurasa, basi tangu siku hiyo meseji zinamiminika kama bomba limepasuka. Nyingi zinauliza yaleyale, kwa hiyo nyingine nimeziunganisha na nyingine nimezikata mkia, msinilaumu. Tunaanza na ya huyu mjukuu wa Keya (askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika huku kwetu) maana yeye ana ushahidi mkononi.

Mhariri shikamoo. Marehemu babu yetu alikuwa Keya na alikuwa anatuhadithia sana vita ya Bama. Baada ya matanga tulifungua sanduku lake la bati tukakuta noti kwenye bahasha, imeandikwa kwa Kiingereza kwamba serikali ya Japan inaahidi kumlipa mwenye noti rupia tano pindi akidai, kuna picha ya hekalu na herufi B. Ipo na nyingine imegandana na karatasi, hatujathubutu kuibandua. Baba mdogo anasema hilo ni deni la serikali, tulipeleke ubalozi wa Japan watulipe na riba ya miaka themanini. Ni kweli?

Marahaba mjukuu wangu, na poleni na msiba. Tuanze na hiyo herufi maana ndo inayofungua kila kitu. Mjapani alipoingia vita ya Pasifiki Desemba 1941 tayari alikuwa na noti za nchi ambazo bado hajaziteka, zimeshachapwa zinasubiri jeshi lifike tu, na kila nchi ilipewa herufi yake mwanzoni mwa herufi za fungu (zile zinazoonyesha noti ni ya kundi gani la uchapaji): P ni Ufilipino, M ni Malaya (Singapore humo humo), S ni vile visiwa vya Mholanzi ambavyo leo ni Indonesia, O ni Oceania yaani New Guinea, Solomon na Gilbert huko, na B yako ni Burma, ile Bama ya babu (leo Myanmar). Pesa ikaitwa kwa jina lile lile watu walilolizoea, Mfilipino peso, Malaya dola, kwa Mholanzi gulden, visiwani shilingi na pauni, Burma rupia. Kwenye noti hizi za kusini hakuna aliyepewa yen, na hilo lilikuwa la makusudi kabisa, kwa sababu bei zikija kuchafuka kule basi zichafuke kule kule, zisivuke bahari kuja kuisumbua yen ya nyumbani.

Kuna kitu kimoja kidogo kwenye noti za Burma huwa kinanichekesha. Rupia ya Mwingereza ilikuwa anna 16, na hata huku kwetu rupia ilitembea mpaka 1920 kabla haijaletwa florini halafu shilingi, sasa Mjapani akachukua jina la rupia ila akaikata senti 100. Yaani mama muuza mboga wa Rangoon ambaye maisha yake yote amehesabu kwa anna anaamka asubuhi rupia ina jina lile lile lakini tumbo lingine.

Sasa itazame noti tena utafute namba. Noti ya benki ya kweli ina namba yake peke yake, hakuna mbili zinazofanana, na anayechapa ana daftari linaloonyesha ametoa ngapi. Noti nyingi za Burma hazina namba hiyo, kuna herufi za fungu tu basi. Ukiona mtu anachapa pesa bila kuzihesabu machoni pa watu ujue hana mpango wa kuja kuzilipa.

Na hapo ndo nimemjibu baba mdogo. Ahadi ya kulipa rupia tano ipo, sawa, ila ilipwe rupia gani? Ungeipeleka noti kwa Mjapani mwaka 1943 angekupa nyingine kama hiyo hiyo. Waingereza waliporudi Burma 1945 wakatangaza pesa ya Mjapani si pesa tena, na mwaka 1954 Japan ilipokubaliana fidia na Burma ilikuwa dola za Marekani milioni 200, lakini serikali kwa serikali, kwa bidhaa na huduma, sio kwa mwenye noti mmoja mmoja. Kwa hiyo mkienda ubalozini watawasikiliza kwa heshima, watawapa maji ya kunywa, mtarudi na noti yenu.

Kwamba babu yako aliipata kule hilo linaingia akilini kabisa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo humo kulikuwa na mabatalioni ya Keya, iliingia Tamu Agosti 1944 ikashuka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya kule, matope mpaka magotini na malaria juu, mpaka Desemba ikaikamata Kalewa kwenye mto Chindwin. Kila sehemu Mjapani alipokimbia aliacha karatasi hizi, na askari walizibeba kama kumbukumbu. Keya walikuwa wanalipwa shilingi yao ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hiyo rupia tano sio mshahara wa babu.

Mimi siwaelewi hao watu wa huko. Askari wa kigeni anakuja na karatasi amechapa mwenyewe, na wewe unampa mchele wako? Si mgome tu?

Wengine watatu wameuliza hivi hivi na naona kila mmoja ana hasira kidogo, kama vile wazee wa Malaya walikuwa wajinga. Hawakuwa.

Jiweke pale. Jeshi limeingia Singapore Februari 1942, Mwingereza na ngome yake wote wamesalimu amri, asubuhi panabandikwa tangazo kwamba noti mpya ni sawasawa na dola ya zamani, moja kwa moja, na anayeikataa anashughulikiwa. Anayeshughulikia ni Kempeitai, polisi wa jeshi la Japan, na hao jina lao tu lilitosha. Hapo mgomo unauanzia wapi? Na mwanzoni kabisa noti zenyewe zilikuwa zinanunua, kwa sababu dola ya zamani bado ilikuwa inatembea pembeni, bei za jana watu bado wanazikumbuka, ukipokea dola ya Mjapani jioni asubuhi unanunulia samaki, kuna tatizo gani?

Tatizo linakuja polepole. Kwanza watu wanaanza kuficha ile pesa ya zamani, kila mwenye akili anatumia ya Mjapani kwanza ile ya Mwingereza anaifukia chini, kwa hiyo sokoni inabaki mbaya peke yake. Pili Mjapani ananunua kila kitu, mpira, bati, mchele, vyuma, vibarua wa kujenga reli, analipa kwa karatasi, na karatasi hazimgharimu kitu zaidi ya wino. Tangu 1942 waliunda benki kabisa ya kuzishughulikia, kwa Kijapani Nanpo Kaihatsu Kinko, yaani hazina ya maendeleo ya kusini (maendeleo!). Tatu, na hili ndo watu hulisahau, bidhaa haziji. Malaya ilikuwa inategemea mchele wa nje na nguo za nje, meli zenyewe za Mjapani Wamarekani wanazizamisha, kwa hiyo pesa inaongezeka kila wiki na mchele unapungua kila wiki. Bei itaenda wapi kama sio juu?

Ufilipino ilifika mahali mwaka 1944 kiberiti kimoja kinauzwa zaidi ya peso 100, na msemo ukawa kwamba unaenda sokoni pesa iko kwenye kikapu unarudi bidhaa iko mfukoni. Ukitaka kujua hali ilivyokuwa mbaya angalia tu noti zenyewe, 1942 kubwa yao ilikuwa peso 10, 1944 ikaja ya 100 halafu ya 500, na 1945 ya 1000. Malaya nako 1945 wakatoa ya dola 1000. Noti inavyozidi kunenepa maandishi ndivyo karatasi inavyozidi kuwa nyembamba na uchapaji hovyo.

Sheria ya vita ilikuwepo jamani, sio kwamba dunia ilikuwa haijafikiria. Kanuni za Hague za 1907 kifungu cha 52 zinasema jeshi likichukua vitu vya watu kwa mahitaji yake lilipe taslimu, na likishindwa litoe stakabadhi halafu lilipe mapema iwezekanavyo. Sasa hii noti ni ujanja wa kukipita hicho kifungu kwa mlango wa nyuma: mbele ya sheria unaonekana umelipa taslimu, kumbe taslimu yenyewe ni stakabadhi ambayo huna nia ya kuilipa. Kwangu mimi ni bora hata mwizi anayevunja mlango, angalau yeye hakupi chenji.

Ni kweli waliziita pesa za Mickey Mouse?

Kweli, Ufilipino. Malaya na Singapore waliziita pesa za ndizi kwa sababu ile ya dola 10 ilikuwa na mgomba umebeba. Watu wakishaanza kuitania pesa ujue imani imeshaisha, imebaki woga tu.

Wamarekani nao hawakuacha kuichezea. Walichapa peso feki za Mjapani kwa ajili ya wapiganaji wa msituni Ufilipino, wapate kununua mahitaji na bei zizidi kuvurugika, na noti zilizotekwa wakazigonga muhuri wa kejeli nyuma ukiuliza ile himaya ya ustawi wa pamoja aliyoinadi Mjapani ina thamani gani, wakazimwaga. Na wapiganaji wenyewe walikuwa na noti zao za dharura, Negros, Mindanao na kwingineko, zingine zimechapwa kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Kukutwa na hizo na Mjapani ilikuwa unacheza na roho yako. Ila watu walizificha, maana waliamini serikali ikirudi itazilipa. Hebu fikiria, noti rasmi imechapwa vizuri kiwandani inakimbiwa, na kikaratasi kibaya cha msituni kinachoweza kukuua kinafichwa kwenye paa.

Mimi ni karani wa mahakama, nimestaafu. Nimejiuliza swali moja: mtu alikopa kabla ya vita, akaja kulipa deni lake kwa hizo karatasi wakati wa Mjapani. Vita ikaisha karatasi zikawa takataka. Deni limelipwa au halijalipwa?

Mzee wangu hili ndo swali la wiki, nimelipenda kuliko yote. Kelele nyingi huwa kwa waliobaki na magunia ya noti ndani lakini vurugu ya kweli ilikuwa hapa kwenye madeni, na ilichukua miaka.

Watu walioshtuka mapema walifanya hesabu ya haraka haraka. Una nyumba imewekwa rehani tangu 1938 kwa dola nzuri za Mwingereza, sasa ni 1944, dola ya mgomba haina kitu, na sheria ya Mjapani inasema ni sawasawa na ile ya zamani. Unauza jozi ya viatu, unauza nguruwe, unaenda kulipa rehani yote. Mdai anakataa? Akikataa anakuwa ameikataa pesa ya Mjapani, na tumeshaona anayekataa anakutana na nani. Anapokea huku analia. Na mara nyingi mdai mwenyewe hayupo hata, ni benki ya Mwingereza au ya Mchina ambayo Mjapani ameifunga akaweka benki yake iifilisi na kukusanya madeni, kwa hiyo pesa inaingia kwa Mjapani.

Vita imeisha, mdai anarudi anasema nilipe. Mdaiwa anatoa risiti anasema nilishalipa. Wote wawili wana haki yao, hapo sasa uhukumu wewe.

Ufilipino Mahakama Kuu ya nchi ikaamua 1948, kesi ya Haw Pia na China Banking Corporation, kwamba malipo yale ni halali, deni limekwisha. Hoja ilikuwa kwamba mwenye kukalia nchi ana mamlaka ya kutoa pesa na raia hakuwa na ubavu wa kuchagua. Kwa madeni yaliyoingiwa ndani ya kipindi chenyewe cha Mjapani wao walitumia jedwali linaloitwa la Ballantyne, linaloonyesha mwezi fulani peso ya Mjapani ngapi ni sawa na peso moja ya kweli, ukikopa 1942 unalipa karibu sawa na ukikopa mwishoni 1944 unalipa kidogo sana. Malaya nao mwaka huo huo 1948 wakatunga sheria ya wadai na wadaiwa wa kipindi cha ukaliaji, nayo ina jedwali la kushusha thamani kadri miezi ilivyokuwa inakwenda.

Maoni yangu, na najua wengine mtanipinga, jedwali ni suluhisho la haki kuliko kusema zote halali au zote batili. Maana ukisema batili tupu unamuumiza mjane aliyelipa 1942 kwa pesa ambayo bado ilikuwa inanunua, na ukisema halali tupu unampa zawadi mjanja wa 1944 aliyelipa nyumba kwa bei ya viatu. Ila jedwali nalo halimsaidii aliyemaliza vita na sanduku la noti chini ya kitanda, huyo alipata sifuri.

Hakuna hata nchi moja watu walirudishiwa hela zao?

Kwa aliyeshika noti mkononi jibu ni karibu hakuna, isipokuwa Indonesia kwa namna yake.

Hong Kong ndo wamepigana muda mrefu. Kule hazikuwa hizi za herufi, ilikuwa yen ya jeshi. Mwanzo dola mbili za Hong Kong ukipewa yen moja, baadaye mwaka 1942 ikawa dola nne kwa yen moja, yaani akiba yako ikakatwa nusu kwa tangazo tu, na Juni 1943 dola ikapigwa marufuku kabisa, kila mtu abadilishe. Tarehe 6 Septemba 1945 wizara ya fedha ya Japan ikatangaza yen zote za jeshi hazina thamani. Watu waliokuwa nazo wakaanzisha chama chao 1968, wakafungua kesi Tokyo mwaka 1993, wamezeeka, wengine wanafia njiani, hukumu ikatoka 17 Juni 1999: mahakama ikakubali kwamba waliteseka lakini ikasema sheria ya kuwalipa hakuna. Unakubaliwa machozi yako halafu unaambiwa uende nayo nyumbani.

Wafilipino waliunda chama 1953, wakakusanya noti kutoka kwa watu na kuzigonga muhuri wa chama (ndo maana zingine unazikuta na mihuri), wakaishtaki serikali ya Marekani, kesi ikatupwa 1967. Japan ilikuwa imeshaahidi Ufilipino dola milioni 550 mwaka 1956 lakini ile ni ya taifa, meli, mashine na huduma, sio ya kubadilisha noti.

Indonesia sasa. Wao noti ya Mjapani iliendelea kutembea hata baada ya vita kwa sababu Mholanzi anataka kurudi na jamhuri mpya haimtaki, na pesa nyingine ya kutosha hakuna. Tarehe 30 Oktoba 1946 jamhuri ikatoa pesa yake, ORI, ikawabadilishia watu: Java na Madura pesa 50 za Mjapani kwa ORI moja, kwingineko 100 kwa moja. Kidogo, lakini ni kitu, na waliolipa sio waliochapa. Mpaka leo tarehe hiyo ndo siku ya pesa kwao.

Mbona mnamsema Mjapani tu? Wazungu wao walikuwa malaika?

Nani kasema malaika. Mjerumani alikuwa na noti zake za Reichskreditkasse, zinatumika nchi alizoziteka tu, ukienda nazo Berlin dukani hazipokelewi. Ufaransa aliweka marki moja kwa faranga 20, bei ya kujipendelea wazi wazi, askari wa kawaida akaingia Paris anahisi tajiri ghafla, na juu ya hapo akaidai Ufaransa faranga milioni 400 kila siku kama gharama ya kuwakalia. Yaani unavamiwa na bili unaletewa.

Washirika nao walichapa. Sicily Julai 1943 walishuka na lira zao za kijeshi, zimechapwa Marekani, nyuma zimeandikwa zile uhuru nne alizozitangaza Roosevelt, rais wa Marekani. Ufaransa 1944 walikuja na noti zina bendera ya Ufaransa na de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kumtii Mjerumani, akawaka, akaziita pesa bandia, maana kwake yeye nchi inakombolewa sio inakaliwa, na noti ni alama ya nani mwenye nyumba. Nadhani alikuwa sahihi kabisa hata kama alikuwa na makeke.

Ila kichekesho kikubwa ni marki ya Washirika ya Ujerumani. Aprili 1944 Wamarekani waliwapa Warusi mabamba ya kuchapia, eti wachape wenyewe za upande wao kwa makubaliano. Warusi wakachapa mpaka basi (zao utazijua, namba inaanza na kistari kidogo). Askari wa Kisovieti alikuwa anadai mishahara ya miaka, analipwa rundo la marki, na marki hizo nyumbani hazibadilishwi, kwa hiyo lazima azimalize hapo hapo Berlin. Nani anauza? Mmarekani. Sigara, chokoleti, na hasa saa, hata zile za bei poa zenye katuni ya Mickey Mouse (huyu panya naye kila vita yupo) zilikwenda kwa maelfu ya marki. Na Mmarekani yeye jeshi lake linambadilishia marki 10 kwa dola moja anatuma kwao. Mpaka wanashtuka hazina ya Marekani ilikuwa imelipa dola zaidi ya milioni 250 juu ya mishahara iliyowatolea askari wake, ndo Septemba 1946 wakaleta vocha maalumu za askari ambazo raia haruhusiwi kuzishika. Sasa linganisha: Burma karatasi tupu ilimfilisi mkulima, Berlin ilimfilisi aliyekubali kuibadilisha. Tofauti ni dirisha la kubadilishia tu, lilikuwa wazi au lilikuwa limefungwa.

Na huku kwetu je? Zile za Tabora za Mjerumani ni kundi moja?

Hapana. Zile za 1915 mpaka 1917 zilikuwa noti za dharura za Mjerumani kwenye koloni lake mwenyewe, amezingirwa, pesa kutoka Ulaya haiji, akachapa alichoweza na mwaka 1916 Tabora akafua hadi sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Pesa ya aliyezingirwa na pesa ya aliyevamia ni vitu viwili.

Kinachokaribia zaidi ni 1941, Mwingereza alipomtoa Mwitaliano Somalia, Eritrea na Ethiopia akaingia na shilingi yetu ya Afrika Mashariki. Somalia ilikaa nayo mpaka 1950 ilipokuja somalo, tena kwa thamani ile ile ya shilingi, na Ethiopia wakatoa dola yao 1945. Lakini shilingi ile nyuma yake kulikuwa na bodi ya sarafu yenye pauni London, kwa hiyo mfanyabiashara wa Mogadishu aliyeiweka akiba hakuamka siku moja akaambiwa ni takataka.

Tukitaka kuiuza hiyo ya babu tutapata bei gani?

Nimemrudia mjukuu wa Keya maana swali hili lilikuwa mwisho wa meseji yake. Usitegemee kitu. Zilichapwa nyingi mno na hakuna aliyezikusanya akazichoma zote, kwa hiyo zimejaa duniani, za Burma za rupia tano na kumi hasa. Zinazotafutwa ni chache, zile za mwanzo zenye namba, au za Oceania za thamani kubwa, na feki za hizo pia zimejaa, muwe macho.

Msiipige pasi, msiibandike selotepu, na jamani msiipeleke kufanyiwa leminesheni, kuna mtu aliniletea yake imeshapikwa kwenye plastiki nikakosa la kusema. Bahasha ya karatasi safi, kavu, giza, inatosha. Halafu muulizeni shangazi au yeyote aliyebaki kama ile karatasi ya kuachishwa jeshi ya babu ipo, maana itakuwa na namba yake na batalioni, na noti ikikaa pamoja na hiyo inakuwa ni noti ya mtu fulani aliyepita Kabaw, sio rupia tano tu.

Na hiyo ya pili iliyogandana muiache kama ilivyo, msiiloweke maji. Ishikeni mbele ya dirisha mwanga uipite, kama herufi inaonekana tuma picha. Ikiwa B ni ndugu ya hii. Ikiwa M, basi babu alikuwa na rafiki aliyepita Malaya, na mimi nitataka kusikia hadithi hiyo.